Mjomba anataka mafiga matatu, mimi nataka kutoa moja

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, nalima korosho huku juu kwenye uwanda wa Makonde, mkoa wa Mtwara. Mume wangu yuko Dar es Salaam kwenye vibarua vya ujenzi, tunamwona msimu ukifika. Naomba unisome mpaka mwisho, maana hapa nyumbani sina wa kumweleza.

Diwani wa kata yetu alifariki, Mungu amlaze pema. Sasa tumeitiwa uchaguzi mdogo. Baba yangu alikufa nikiwa darasa la pili, aliyenilea ni mjomba, kaka yake mama. Wewe ni mtu wa kusini, sina haja ya kukueleza mjomba ni nani kwetu. Ndiye aliyenisimamia siku ya harusi, ndiye aliyenigawia mikorosho 40 niliyonayo. Tena ni balozi wa shina wa CCM, kiongozi wa chama wa nyumba chache za jirani, tangu mimi sijavunja ungo, na ubalozi wake si wa mdomo: mtu akifiwa usiku, yeye ndiye wa kwanza kufika na tochi. Simdharau hata kidogo.

Mwezi uliopita alinikuta uani kwa mama namenya ming'oko. Akaniuliza habari za kura. Nikamjibu ukweli, kwamba safari hii udiwani nataka kumpa mtu wa upinzani. Akanyamaza, akalitazama jiko la mama, akasema: "Mama, chungu kinakaa juu ya mafiga matatu. Rais, mbunge, diwani. Ukitoa moja, ubwabwa wote chini." Halafu akaongeza neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Usinisaliti ukiwa chini ya mikorosho yangu." Siku ya pili akamtuma mwanawe aje aniambie kwamba nikishaweka alama nipige picha ya karatasi kwa simu, akaione.

Shangazi, mimi sina ugomvi na chama chochote. Rais nilimpigia ninayemtaka na mbunge vilevile. Shida yangu ni boma la zahanati. Tulijenga kwa nguvu zetu, wanawake tukabeba maji, wanaume wakafyatua tofali, tukafika kwenye lenta. Halmashauri iliahidi kupaua. Leo ndani ya chumba kilichokuwa kiwe cha kujifungulia umeota mpapai, na umeshazaa. Jirani yangu alijifungulia kwenye bodaboda akipelekwa hospitali. Mimi natunza stakabadhi za mizani za kila msimu kwenye kopo la biskuti, najua kilo ngapi zimetoka hapa, na najua kila kilo ina ushuru wake. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikauliza. Marehemu diwani alinijibu kwa upole, akasema ameelewa, ila tusiwaaibishe wenzetu. Baraza zima la madiwani ni chama kimoja, wote wanaitana ndugu. Nani amuulize nani?

Kwa hiyo kura ninayotaka kupiga si ya mapenzi, ni ya kupunguza. Nataka awepo hata mmoja mle ndani ambaye haitwi ndugu.

Hapo nako nakwama. Wagombea wa upinzani ni wawili. Mmoja ni mfanyabiashara aliyekuwa CCM, akashindwa kura za maoni, akahama kwa hasira. Ana pikipiki, ana vipaza sauti, watu wanamfuata, anaweza kushinda. Simwamini. Mwingine ni mwalimu mstaafu, alinifundisha hesabu. Ni mkweli mpaka anaudhi, chama chake hakina hata bendera za kutosha, na kila mtu anasema hatafika kura mia mbili. Huyo ndiye moyo wangu unamtaka.

Na kuna wanaotutisha kwamba tukichagua upinzani tusahau zahanati. Na kuna wenzangu ambao tangu Oktoba 2025 hawataki hata kusikia neno kura. Niambie, ninachotaka kufanya ni usaliti? Diwani mmoja peke yake anaweza kupunguza nini? Na kati ya wale wawili nimpe yupi?

Wako, Mpwa wa Balozi, Mtwara

Marahaba mwanangu. Pole na msiba wa diwani wenu, na pole na mpapai ulioota ndani ya boma. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikifika pale kwenye bodaboda naiweka chini kwanza.

Nianze na picha ya karatasi ya kura, maana hiyo haina mjadala. Usipige. Kura ni siri kwa sheria, na siri hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe, wenye mtu wa kumheshimu na mtu wa kumwogopa, tena wakati mwingine ni mtu huyohuyo. Ukimwonesha mjomba leo, kesho mwenye duka anayekukopesha salfa naye ataomba aone. Simu mwachie mwanao nyumbani siku hiyo. Mjomba akiuliza, mwambie kwa adabu kwamba karatasi umeiacha ndani ya sanduku la kura. Hutakuwa umemdanganya.

Sasa mafiga. Nimeingia kwenye kura tangu 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, na hilo neno nimelisikia majukwaani mpaka nalijua kama wimbo wa unyago. Ni neno tamu kwa sababu kila mwanamke anayepika kwa kuni analiona jikoni kwake. Lakini ngoja nikuulize kuhusu jiko la mama yako. Mafiga yake yametoka mahali pamoja? La mama yangu mimi, pale Lindi, lilikuwa na jiwe moja la mtoni na mawili ya kichuguu, na tulikula ubwabwa miaka yote. Chungu kinamwagika figa likiwa fupi au likiwa bovu. Lilikotoka chungu hakiulizi. Mjomba wako anajua hivyo kuliko mimi na wewe, maana jiko la dada yake amelitazama miaka mingi.

Ndiyo maana kwenye uchaguzi mkuu karatasi zenyewe ni tatu. Ingekuwa sheria inataka tuchague chama kimoja kwa mkupuo, tungepewa karatasi moja tukaweka alama moja tukaenda zetu. Tunapewa tatu kwa sababu kazi ni tatu. Mimi mwenyewe mwaka 2010, hapo Lindi Mjini, nilichanganya, na kina mama wengi wa mtaani kwetu walichanganya. Jimbo likaenda kwa Salum Barwany wa CUF, chama cha upinzani, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi kuingia bungeni Tanzania. Mwaka 2015 jimbo lilelile likarudi CCM. Hakuna aliyehama mtaa, hakuna ndoa iliyovunjika. Kura ilikwenda, ikarudi.

Wenzetu wa Ghana wana jina lao la kura ya namna hii, wanaiita sketi na blauzi: chini rangi moja, juu rangi nyingine. Desemba 2020 wapigakura wao walivaa hivyo kwa wingi. Rais akatoka chama cha NPP, lakini bunge likatoka viti 137 kwa 137, na mbunge mmoja huru katikati. Spika akatoka upinzani. Mwaka uliofuata serikali yao ikataka tozo ya miamala ya simu, asilimia 1.75. Ilikwama kwa miezi. Desemba 2021 wabunge wakakunjana mashati humo ndani, jambo ambalo silisifu. Tozo ilipita Machi 2022, ikiwa imeshuka mpaka asilimia 1.5.

Wewe unakumbuka tozo yetu. Ilipita bungeni Juni 2021, katika bunge ambalo upinzani ulikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na Julai tukaanza kukatwa. Mimi nilimtumia mdogo wangu hela ya dawa Nachingwea nikadhani simu imeharibika. Tozo zikapunguzwa asilimia 30 mwezi Septemba, na kilichozipunguza ni kelele za watu vijiweni, maana mle bungeni hesabu ya kuzizuia haikuwepo. Kelele zilikuja wakati mkato umeshaingia mifukoni. Kwenye bunge la sketi na blauzi, kelele zilikuja kabla. Ukitaka nikuoneshe faida ya kura ya kupunguza, ni hiyo: inaihamisha kelele kutoka kijiweni kwenda ukumbini, na kutoka baada ya kukatwa kwenda kabla.

Afrika Kusini nao. Mwaka 2024 chama tawala, ANC, kilishuka mpaka asilimia 40 ya kura, kikapata viti 159 kati ya 400, kikalazimika kutawala na wengine. Mwaka 2025 waziri wao wa fedha akataka kupandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 15 kwenda 15.5. Ilitakiwa ianze tarehe 1 Mei. Wiki moja kabla, ikaondolewa. Hakuwa na kura za kutosha, basi. Nusu asilimia hiyo ingelipwa na mama anayenunua sabuni.

Lakini mwanangu, sitaki nikuuzie kitu kwa kukisifu upande mmoja. Sisi watu wa korosho tuna somo letu wenyewe. Juni 2018 bunge lilibadilisha sheria ya korosho. Kabla ya hapo, asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje ilikuwa inarudi kwenye zao lenyewe, na 35 inakwenda serikalini. Baada ya hapo yote ikaingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Mtwara Mjini na Tandahimba zilikuwa na wabunge wa CUF, Kilwa vilevile. CUF iliipata Mtwara Mjini mwaka 2015, miaka miwili tu baada ya vurugu za gesi za Mei 2013, wakati watu walipouliza bomba la kwenda Dar es Salaam linatuachia nini. Hao wabunge walisema. Na walisema pia wabunge wa CCM wa kusini, walisimama pamoja nao na kuitetea korosho bila kujali bendera. Hawakutosha. Sheria ikapita. Miezi michache baadaye wakulima walikataa bei za wanunuzi, serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakapanda huko kwenu kuchukua magunia. Wewe ulikuwepo, ulipanga foleni ya uhakiki, sina cha kukueleza.

Nimelitafakari jambo lile miaka mingi. Waliotusaidia siku ile walikuwa wa vyama viwili tofauti, na waliotushinda walishinda kwa idadi. Kwa hiyo mambo ni mawili. Idadi ndiyo inayozuia. Na mtu anayewaogopa wapigakura wake kuliko anavyoogopa viongozi wa chama chake anaweza kutoka chama chochote, hata kile cha mjomba wako.

Idadi yenyewe si lazima iwe nusu. Katiba yetu haibadilishwi bila theluthi mbili ya wabunge. Hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu inaanzishwa na saini za asilimia 20 tu. Mwaka 2012, baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu, Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani wakati huo, alianza kukusanya saini 70 na akazipata, zikiwemo za wabunge wa CCM. Waziri Mkuu hakuondoka, hoja haikufika mbali. Lakini Mei mwaka huohuo baraza la mawaziri lilipangwa upya na mawaziri sita wakaachwa. Saini 70 katika bunge la zaidi ya watu 300.

Nakuja kwenye kata yako. Diwani mmoja atapunguza nini? Kuzuia bajeti hawezi, nakwambia wazi. Kumwondoa mkurugenzi hawezi, mkurugenzi anateuliwa na Rais. Lakini mle kwenye baraza, ukimtoa mbunge, madiwani ndio peke yao waliotumwa na watu, wengine wote ni waajiriwa. Diwani akisimama kuuliza swali, swali linaingia kwenye muhtasari. Taarifa ya mapato na matumizi inaletwa mbele yake kila robo mwaka. Mkaguzi akitoa hoja zake, baraza linakaa kuzijadili. Na mkutano wa baraza ni wa wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa nyuma kusikiliza. Umewahi kwenda? Nenda hata mara moja, uvae vizuri, ukae kimya, uone nani anasoma makabrasha na nani anafunua kurasa tu.

Tuchukue hesabu, maana umesema mwalimu wako alikuwa wa hesabu. Ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, ulishushwa kutoka 5 mwaka 2017. Ukiuza kilo 600 kwa shilingi 3,000, thamani yake ni 1,800,000, na ushuru wake ni 54,000. Anaulipa mnunuzi, lakini umetoka kwenye jasho lako. Zidisha kwa wakulima wa kata yenu. Diwani mwenye hiyo karatasi mkononi, akisimama na kuuliza "kata yangu imeingiza kiasi hiki, bati za zahanati ziko wapi?", atamfanya mtu jasho limtoke hata kama yuko peke yake. Hapo lile kopo lako la biskuti lina kazi. Mpelekee stakabadhi, na wenzako wapeleke zao.

Ila kuna jambo umelisahau katika hamu yako ya kupunguza. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mbunge ukimchagua wa kupinga tu, akapinga miaka mitano, anaweza kuwa amekusaidia. Diwani wa kupinga tu hatoshi. Atakaa na mtendaji, na mganga, na mwalimu mkuu, wapange. Anayejua kugomba tu atakuachia mpapai pale ulipo.

Ndiyo maana suala la wale wawili limenipa shida kweli. Moyo wangu ulikwenda kwa Mwalimu nilipousoma mstari wa kwanza juu yake.

Ingekuwa uchaguzi wa mbunge katika uchaguzi mkuu, ningekwambia mpe Mwalimu usiogope. Kura za ubunge hata zikishindwa jimboni zinahesabiwa kitaifa kugawa viti maalumu vya wanawake kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5, kwa hiyo ya chama kilichovuka hapo haijaanguka chini. Kwa uchaguzi mdogo wa udiwani hakuna cha kubakia. Anayeongoza anachukua, wengine wanarudi nyumbani. Mnafahamu yaliyotokea 2015. UKAWA, umoja wa vyama vinne vya upinzani, walikubaliana kuachiana majimbo, wakaachiana kwingi, lakini Segerea ya Dar es Salaam CUF na CHADEMA wote wakasimamisha mtu, na CCM ikapita katikati. Watu wa kule walikuwa na sababu zao nzuri za kumpenda huyu au yule.

Kwa upande wa yule mfanyabiashara, hofu yako ni ya haki. Mwaka 2017 na 2018 tuliwaona madiwani na wabunge wa upinzani wakihama mmoja baada ya mwingine, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais. Waliochaguliwa kupunguza wakaenda kuongeza. Mtu aliyeondoka kwa hasira ya kura za maoni anaweza kurudi hasira ikiisha, na kata ikaingia tena kwenye uchaguzi mdogo kwa gharama zenu.

Basi fanya hivi. Kabla kampeni hazijaisha, nenda kwenye mkutano wake, na usiende peke yako. Chukua wanawake watano, akiwemo yule aliyejifungulia njiani kama ataridhia. Wakati wa maswali muulizeni mbele za watu mambo matatu. Atabandika taarifa ya mapato na matumizi ya halmashauri kwenye ubao wa kila kijiji kila robo mwaka, ndiyo au hapana? Swali la zahanati ataliuliza kwenye kikao cha ngapi? Na akiitwa kurudi alikotoka, atakuja kwanza hapa kutuambia? Msikubali hadithi. Mmoja wenu aandike majibu kwenye daftari, asome kwa sauti, aulize "tumekuelewa vizuri?" Akijibu yote matatu bila kukwepa, mpe kura yako, hata kama humpendi. Kura ya kupunguza inapewa anayeweza kufika. Akicheka, akaanza kusimulia alivyoonewa kwenye kura za maoni, mpe Mwalimu wako na usijute. Matokeo yanabandikwa kituoni, na idadi ya Mwalimu itasomwa na kila mtu, akiwemo huyo mshindi.

Mwalimu kwa vyovyote usimpoteze. Mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila baada ya miezi mitatu na kila mwenye miaka 18 ni mjumbe. Mtu mkweli mpaka anaudhi ndiye anayetakiwa kwenye kamati ya ujenzi wa zahanati, kazi hiyo haingoji uchaguzi. Na serikali za mitaa zikija, mwambieni achukue fomu ya uenyekiti wa kijiji. Huko kura mia mbili zinaweza kuwa ushindi.

Kuhusu kutishwa kwamba mtasahau zahanati: kauli hiyo ni ya miaka yote. Ushuru unakusanywa kwenu bila kuulizwa mlichagua nani, na utumike bila kuulizwa mlichagua nani. Anayekutisha hivyo amekiri kwamba bati zipo.

Wale wenzako wasiotaka kusikia neno kura, usiwagombeze. Mwaka 2025 CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, haikuwepo kwenye karatasi, na yaliyotokea tarehe 29 Oktoba na siku zilizofuata yameingiza misiba kwenye nyumba za watu. Mtu wa kupunguza akishaondolewa kwenye karatasi, kura ya kupunguza haina pa kukaa, na mimi nililia kwa hilo. Siwezi kukwambia kata moja huko juu Makonde itaponya jambo kubwa namna ile. Lakini udiwani wenu una majina matatu leo, na wewe una swali lako la bati.

Mwisho ni mjomba. Umemwona kama ukuta, mimi namwona kama mlango. Yeye ni balozi, anaingia kwenye vikao ambavyo mimi na wewe hatuingii. Wagombea wa chama chake wanapita mikononi mwa watu kama yeye kwanza, na mgombea anayejua kwamba mabalozi watamuuliza habari za zahanati anakuja tofauti na yule anayejua watampigia makofi. Huko nako ni kupunguza nguvu, tena kwa ndani. Neno la mikorosho alilisema kwa uchungu. Mtu aliyelea mtoto wa dada yake tangu darasa la pili hakati mikorosho kwa sababu ya diwani.

Nenda kwake jioni, akishatoka shambani, peke yako, na sahani ya ming'oko iliyofunikwa. Usianze na chama. Mwambie, "Mjomba, naomba twende wote tukaone boma." Mwingie mle chumbani, mtazame huo mpapai pamoja. Halafu mpe daftari lenye maswali matatu, umwombe na yeye akamuulize mgombea wake.

Uniandikie alivyojibu.

Shangazi